Hakimu Akimzuia Mume Asimkaribie Mkewe, Ndoa Imevunjika?



Kila Alhamisi baada ya darsa la fiqhi huwa tunapitisha kikapu cha maswali, kwa sababu wapo wenzetu wasiopenda kuuliza mbele za watu. Muhula huu kilitoka kikaratasi ambacho usiku ule hatukuweza kukijibu. Kimeandikwa pande zote mbili. Kwa ufupi ni hivi: dada wa muulizaji alikuwa akipigwa na mumewe. Wazee walikaa mara tatu. Mara ya nne alikwenda polisi, na hatimaye hakimu akatoa amri inayomkataza mume kufika nyumbani anakoishi mke na kwenye kibanda chake cha biashara. Sasa mume anasema, "Umeleta serikali kati yetu, basi ndoa imekwisha." Shehe mmoja wa mtaani amesema mke ni nashiz, hana nafaka. Mama mtu hajui kama bintiye aanze kuhesabu eda. Upande wa pili wa karatasi kuna mstari mmoja tu, unaohusu mtoto wa miaka minne. Huo nitaufikia mwishoni.

Niliombwa niliandikie makala. Mimi ni mwanafunzi, si mufti. Nilichofanya ni kurudi kwenye vitabu tunavyosomeshwa na kwenye sheria ya nchi, kisha nikamsomea ustadhi wangu nilichopata. Kuna mahali hakukubaliana nami, na nitapataja.

Karatasi ya mahakama inasema nini

Tuanze na sheria yenyewe, maana wengi wetu tunaibishia bila kuisoma. Uganda ilitunga Sheria ya Ukatili wa Majumbani mwaka 2010. Ukatili unaotajwa humo si kipigo tu. Mna vitisho, matusi na udhalilishaji wa nafsi, ukatili wa kijinsia, na hata kumnyima mtu riziki au kumharibia mali yake. Wanaolindwa ni wengi kuliko tunavyodhani: mume na mke, waliokwisha kuachana, ndugu, wanaoishi nyumba moja, hata mfanyakazi wa ndani dhidi ya mwajiri wake.

Malalamiko yanaweza kuanzia kwenye mahakama ya LC, na humo yanaweza kuishia kwa onyo, kuombana radhi, ushauri nasaha, fidia au suluhu. Lakini LC wakiona ukatili wenyewe ni mzito, au mtuhumiwa amerudia, au anaweza kudhuru tena, sheria inawataka walipeleke shauri polisi na kwa hakimu. Amri ya ulinzi hutolewa na hakimu. Ipo amri ya muda, ambayo hakimu huitoa akiona ushahidi wa awali unatosha, na ipo amri kamili inayotolewa baada ya shauri kusikilizwa. Hakimu anaweza kumkataza mtu kumdhuru mwenziwe au kumtuma mwingine amdhuru, kufika anakoishi, kufika anakofanya kazi, na anaweza kuweka masharti ya namna ya kuwaona watoto. Amri inaweza kubadilishwa au kuondolewa, mahakama ikiombwa.

Katika orodha hiyo talaka haimo. Hakimu anayetoa amri ya ulinzi hagusi akdi ya nikahi. Anagusa miguu na mikono.

Mtu atauliza: kwa nini asiende kwa kadhi? Katiba yetu ya 1995, ibara ya 129, inataja mahakama za kadhi kwa mambo ya ndoa, talaka, mirathi na ulezi, kama Bunge litakavyoweka. Miaka ikapita mingi bila Bunge kutunga sheria ya kuziunda. Wenzetu wa Kenya wana kadhi ambaye ni hakimu wa dola kwa mujibu wa ibara ya 170 ya katiba yao. Sisi tuna mashehe wanaosuluhisha, nao wanafanya kazi kubwa, lakini shehe akimwambia mume mkorofi "usiende pale", polisi hana karatasi ya kusimamia. Kwa hiyo dada huyu hakumkimbia kadhi akaenda kwa hakimu. Alikwenda kwa mwenye uwezo wa kuzuia.

"Je, nimtaliki?"

Swali la mama mtu, yaani kama kutenganishwa ni kuachika, liliwahi kuulizwa Madina karibu kwa maneno yayo hayo.

Mwaka wa 9 Hijria, baada ya safari ya Tabuk, masahaba watatu waliobaki nyuma bila udhuru walisuswa na jamii nzima: Kaab bin Malik, Murara bin Rabii na Hilal bin Umayya. Kisa kimo katika Bukhari na Muslim, na Kaab anakisimulia mwenyewe. Zilipotimia siku arubaini, akajiwa na mjumbe wa Mtume (s.a.w.) mwenye amri mpya: ajitenge na mkewe. Kaab akauliza, je, nimtaliki au nifanye nini? Akajibiwa kwamba hapana, ajitenge naye tu, asimkaribie. Kaab akamwambia mkewe aende kwao akae huko mpaka Mwenyezi Mungu aamue. Siku kumi baadaye toba yao ikateremka. Hakuna aliyefunga nikahi upya.

Najua kisa hiki hakihusu mume mpigaji, na ni makosa kukitumia kama kwamba kinahusu. Ninachokichukua ni kitu kimoja: mwenye mamlaka aliwatenganisha mume na mke, na ndoa ikabaki ndoa. Wanazuoni walichukua na la pili, kwamba neno "nenda kwenu" ni kinaya. Haliwi talaka mpaka msemaji awe ameinuia.

Kisa kina sehemu nyingine ambayo sisi huwa tunairuka. Mke wa Hilal alikwenda kwa Mtume (s.a.w.) akaeleza kwamba mumewe ni mzee asiye na mtumishi, akaomba ruhusa ya kumhudumia. Akaruhusiwa, kwa sharti asimkaribie kama mume anavyomkaribia mke. Jamaa zake Kaab wakamshauri naye aombe vivyo hivyo. Akakataa, akasema yeye ni kijana. Amri moja, nyumba mbili, masharti mawili, kwa kuwa hali zilikuwa mbili. Aliyewahi kusoma amri ya ulinzi yenye kifungu kinachosema mume anaweza kumfuata mtoto siku fulani mahali fulani ataelewa kwa nini nimelitaja hili.

Sasa tumrudie huyu mume aliyesema "ndoa imekwisha". Hapo ndipo penye mas'ala, wala si kwenye karatasi ya hakimu. Maneno hayo ni ya kinaya. Aulizwe na shehe anayeaminika, kwa njia isiyovunja amri: ulipoyasema ulinuia talaka? Akisema ndiyo, ni talaka iliyotoka kinywani mwake, na eda inahesabiwa tangu siku aliyotamka. Akisema alikuwa akieleza hasira zake, au alidhani mahakama ndiyo imevunja, hakuna talaka na hakuna eda. Mama asianze kuhesabu siku kwa kukisia.

Hailula katika vitabu vyetu

Nilipoanza kutafuta nilitarajia kupata kanuni za jumla tu, kama ile ya kutodhuru wala kudhuriana. Kumbe mas'ala yenyewe yamo, tena katika madhehebu yetu ya Shafii, katika kitabu ambacho wengi wetu tumekisoma au tumewaona wakubwa zetu wakikisoma: Minhaj ya Imamu Nawawi, mlango wa nushuzi.

Tazama mpangilio wa Nawawi. Mume akimnyima mkewe haki kama zamu au nafaka, kadhi humlazimisha aitoe. Akiwa na tabia mbaya na kumuudhi bila sababu, kadhi humkataza. Akirudia, humtia adabu. Kila mmoja akidai mwenziwe ndiye mkosaji, kadhi humtumia mtu mwaminifu anayewajua achunguze hali zao, kisha humzuia aliye dhalimu. Baada ya hatua hizo, ugomvi ukizidi, ndipo wanapotumwa mahakamu wawili waliotajwa katika Sura an-Nisaa, aya ya 35.

Mimi hapo nilisimama kidogo. Sisi katika jamii zetu tunaanza na mahakamu. Mke akija ana jicho limevimba tunaita wazee wa pande zote mbili, tunawakalisha mkeka mmoja, tunaanza "na wewe mama ulimjibu nini?" Katika mpangilio wa Nawawi, dhulma inayojulikana huzuiwa kwanza. Hata Sura al-Hujurat, aya ya 9, inapozungumzia makundi mawili ya waumini wanaopigana, inaamuru moja likidhulumu lizuiwe mpaka lirejee, na inapataja tena kusuluhisha, kwa uadilifu, baada ya kurejea.

Katika Mughnil Muhtaj, sherehe ya Minhaj aliyoiandika al-Khatib ash-Shirbini, aliyefariki mwaka 977 Hijria, imenukuliwa kauli ya Imamul Haramayn al-Juwayni. Yeye aliishi karne tano kabla ya Shirbini. Juwayni anapambanua. Ikiwa kadhi anadhani tu kwamba mume anavuka mipaka, na halijamthibitikia, hawatenganishi. Lakini likimthibitikia, na akahofia kuwa mume huyo kwa ujasiri wake atampiga mke kipigo cha kuumiza, huweka kizuizi kati yao mpaka aone kuwa mume ametengemaa. Sababu anayoitoa ni nzito: kadhi akitosheka na kumtia adabu tu, huenda mume akamfikisha mke mahali ambapo hapana tena la kurekebisha. Kizuizi hicho ndicho hailula. Na Ghazali, mwanafunzi wa Juwayni, anaongeza jambo ambalo mawakili wa leo wangelipenda: katika kujua kama mume ametengemaa, hategemewi mume kwa kauli yake mwenyewe. Hutegemewa kauli ya mke na dalili za hali.

Kwa hiyo anayesema amri ya kutokaribiana ni kitu cha Wazungu kilichopachikwa juu ya dini ana kazi ya kutueleza Juwayni, aliyefariki mwaka 478 Hijria, alikipata wapi.

Wapo watakaoleta aya ya 34 ya Sura an-Nisaa. Sina nafasi ya kuifungua yote, ila nikumbushe kwamba wanazuoni haohao walioruhusu mume kumpiga mke nashiz waliharamisha kipigo cha kuumiza na cha usoni, wakasema kuacha ni bora. Imo katika Muslim, kutoka kwa bibi Aisha (r.a.), kwamba Mtume (s.a.w.) hakuwahi kumpiga kwa mkono wake mwanamke wala mtumishi. Kipigo anachokizungumzia Juwayni ni kile ambacho hakuna aliyekihalalisha.

Ni nashiz?

Hukumu ya shehe wa mtaani imejengwa juu ya kanuni sahihi aliyoiweka mahali pasipo pake. Ni kweli kwamba mke akitoka nyumbani bila idhini ya mume huwa nashiz na nafaka yake huanguka. Lakini Nawawi mwenyewe anatoa mfano wa nyumba inayokaribia kubomoka: mke akitoka, si nashiz. Washereheshaji wakaongeza anayehofia nafsi au mali yake kwa mwovu au mwizi, na anayekwenda kwa kadhi kudai haki yake. Basi ikiwa hofu ya mwizi inamtoa mke bila dhambi, hofu ya anayelala kitanda kimoja naye itakosaje kumtoa? Na huyu dada hata hakutoka. Aliyezuiwa ni mume.

Shehe anaweza kusema nafaka kwetu Shafii inafuata tamkin, yaani mke kujiweka tayari kwa mumewe, na sasa tamkin haipo. Hoja hii ni ya kielimu, ndiyo niliyozungumza na ustadhi wangu kwa muda mrefu zaidi. Ninavyoona mimi, aliyeweka ukuta ni mume kwa mkono wake, na mtu hafaidiki kwa dhulma yake. Hapa ustadhi aliniunga mkono. Ama nafaka ya watoto, hiyo haina mjadala. Haikuwahi kutegemea tamkin ya mama yao.

Imepokewa pia katika Muslim kwamba Fatima bint Qays, alipoachwa talaka tatu, alimweleza Mtume (s.a.w.) kuwa anahofia kuvamiwa pale alipo, naye akamwamuru ahame. Yeye alikuwa katika eda, na Sura at-Talaq, aya ya kwanza, inajulikana: wanaoachwa wasitolewe majumbani mwao wala wasitoke. Hofu ya kuvamiwa ilibadilisha hukumu ya makazi. Na katika Muwatta ya Imamu Malik, Mtume (s.a.w.) alitoka kwenda kusali alfajiri akamkuta Habiba bint Sahl kizani mlangoni pake, hamtaki tena mumewe, Thabit bin Qays, katika riwaya ya Abu Daud imetajwa kwamba alimpiga hata akamvunja. Hakuambiwa arudi akavumilie kwanza. Shauri lilimalizwa kwa khului, naye akabaki kwa jamaa zake.

Kauli ya upande mmoja

Hapa ndipo ustadhi wangu aliponikatalia.

Amri ya muda inaweza kutolewa kwa ushahidi wa awali, kabla mume hajajitetea kikamilifu. Sisi tuna hadithi ya Ali (r.a.) alipotumwa Yemen, iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi, akifundishwa asimhukumie wa kwanza mpaka amsikie wa pili. Na Juwayni amesema wazi kuwa dhana peke yake haitoshi kuwatenganisha. Ustadhi akasema: basi amri ya muda haina mlango kwa Juwayni, na wewe umemtumia kama shahidi wako. Akaongeza kwamba amewaona wanaume waliofungiwa nje ya nyumba walizojenga, kwa tuhuma ambazo baadaye hazikusimama.

Namkubalia nusu. Tuhuma za uongo zipo, na anayekula kiapo cha uongo ili apate nyumba amekula moto. Ugomvi wa kiwanja si ukatili, na anayeuvalisha nguo ya ukatili anawaharibia wanaopigwa kweli. Lakini naona amri ya muda si hukumu ya shauri. Hukumu inahamisha haki. Amri ya muda inasimamisha watu walipo mpaka wa pili asikilizwe, na ibara ya 28 ya Katiba inampa haki hiyo ya kusikilizwa. Mume asiye na hatia akilala kwa kaka yake wiki mbili amedhurika, sikatai. Lakini pima na lile neno la Juwayni kuhusu lisiloweza kurekebishwa. Madhara mawili yakikutana, huchukuliwa jepesi. Ustadhi alitikisa kichwa akasema nikasome zaidi. Nasoma.

Kuna mambo machache ya kivitendo ambayo nimeona yakiwaponza watu. Amri inamfunga aliyeandikiwa hata kama mke mwenyewe kampigia simu aje kula futari. Wakipatana, njia ni kurudi mahakamani iondolewe au ibadilishwe. Kuivunja ni kosa la jinai, na kesho mwanajumuiya mwema anakamatwa mlangoni na sahani ya pilau mkononi. Wazee wanaotaka kusuluhisha waisome kwanza hiyo karatasi, na kama inakataza mawasiliano, wamwombe hakimu ruhusa kabla ya kubeba ujumbe. Na wanaoogopa kuwa huku ni kukata undugu: hadithi ya kutomsusa Muislamu zaidi ya siku tatu inajulikana, ila Ibn Abdil Barr amenukuu makubaliano ya wanazuoni kwamba anayehofia madhara ya dini yake au dunia yake kwa kuzungumza na mtu anaruhusiwa kumwepuka.

Nyuma ya karatasi

Mstari wa nyuma unasema: "Mtoto anauliza baba yuko wapi, tumwambie nini?"

Amri kati ya wazazi haikati ubaba. Katika Minhaj, mtoto akiwa kwa mzazi mmoja, mwingine hazuiwi kumzuru, mara moja kila baada ya siku kadhaa, kwa desturi inayofaa. Asiyetaka mwenziwe aingie kwake humtoa mtoto nje amwone. Mahakama nayo hutazama maslahi ya mtoto kabla ya hasira za wazazi, na hakimu anaweza kupanga siku na mahali pa kuonana. Kwa hiyo familia isimfiche mtoto kwa kudhani amri inawataka hivyo, na baba asitumie mtoto kama njia ya kuufikia mlango aliokatazwa. Kama karatasi ya amri haisemi lolote kuhusu mtoto, dada arudi kwa karani wa mahakama aombe liandikwe. Nyumba ya bibi upande wa mama inaweza kufaa, au ya ami ambaye pande zote zinamwamini. Kadhi wa Nawawi angemwita mtu huyo mwaminifu. Mtoto apelekwe Jumamosi asubuhi, baba afike mama akiwa ameshaondoka.

Na mtoto aambiwe kweli kwa kipimo chake: baba yupo, hakai hapa kwa sasa, utamwona Jumamosi. Kisha Jumamosi ifike na amwone.